Mjadala: Je, ukurasa wa Talmudi uachwe ulivyo, au upangwe upya kwa msomaji wa leo?

Mpekuzi
Ndugu zangu, ninaleta hoja ambayo wasomi wa maandiko ya Kiyahudi wamekuwa wakiigombania kwa miongo mingi. Mwaka 1965 Rabi Adin Steinsaltz wa Yerusalemu alianza kuitoa Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkuu wa sheria na mijadala ya marabi, ikiwa na irabu, alama za vituo na ufafanuzi wa Kiebrania cha leo, kwa kuwa sehemu kubwa ya Gemara, yaani mijadala ya marabi iliyomo ndani yake, imo katika Kiaramu ambacho Myahudi wa kawaida hakielewi, na katika kufanya hivyo aliuvunja mpangilio wa ukurasa uliozoeleka. Kazi ilikamilika mwaka 2010, lakini mwaka 1989 marabi wenye msimamo mkali, Elazar Shach akiwa mbele yao, walikwisha kuvipiga marufuku vitabu vyake. Je, alikuwa na haki ya kuugusa ukurasa ule? Mimi nasema alikuwa nayo, maana ukurasa wenyewe Wayahudi waliletewa na mpiga chapa Mkristo, Daniel Bomberg wa Antwerp, aliyechapisha Talmudi nzima kwa mara ya kwanza huko Venice na kuimaliza mwaka 1523.

Kalamu Nyeusi
Mpekuzi, hiyo kauli ya kuletewa ni dharau. Bomberg alikuwa na mtaji na kibali cha watawala wa Venice. Elimu ilikuwa ya wasahihishaji wa Kiyahudi aliowaajiri. Mpangilio wa Gemara katikati, ufafanuzi wa Rabi Rashi wa Ufaransa upande wa ndani na Tosafot, maelezo ya wasomi waliomfuata, upande wa nje ulikwisha kuonekana kwa ukoo wa Soncino, Wayahudi wa Italia, walipochapisha Berakhot, kitabu cha kwanza cha Talmudi, yapata miaka arobaini kabla yake. Hata zile herufi za ufafanuzi ni mwandiko wa Rashi mwenyewe, aliokuwa akiutumia kule Troyes katika karne ya 11.

Bi Mwalimu
Kalamu Nyeusi, ya Soncino nakuunga mkono, ila hilo la mwandiko halina mguu wa kusimamia. Rashi, aliyefariki mwaka 1105, hakuzitumia herufi hizo. Zilitokana na mwandiko wa Wayahudi wa Hispania, nazo zikabandikwa jina lake kwa kuwa zilitumika kuchapisha ufafanuzi wake wa Torati huko Reggio di Calabria mwaka 1475. Fungua mwanzo wa Berakhot uone kazi ya herufi hizo: katikati kuna herufi kubwa za pembe nne zinazouliza sala ya Shema isomwe kuanzia wakati gani jioni, na pembeni kuna herufi ndogo za mviringo, ili jicho lisichanganye matini na maneno ya mfafanuzi. Utaona pia kwamba kitabu kinaanzia karatasi ya pili, kwa kuwa ya kwanza imeachiwa jina la kitabu. Hesabu hiyo ya Bomberg ndiyo inayotumika mpaka leo, na ndiyo iliyoubeba utaratibu wa Daf Yomi, ambao Rabi Meir Shapiro aliuanzisha mwaka 1923, wa kusoma karatasi moja kila siku, jumla ya karatasi 2,711, kwa takriban miaka saba na nusu. Namba zisiguswe, basi. Lakini irabu na vituo vinamdhuru nani? Toleo la kampuni ya Koren limeuweka ukurasa wa kale pamoja na irabu upande mmoja wa kitabu, na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili.

Kalamu Nyeusi
Dada yangu, umekuja kuchangia au kusahihisha mitihani? Herufi ziwe za Hispania au za Troyes, ni za Wayahudi, na hoja yangu iko palepale. Huo ukurasa wa kale mnaoupigania ni wa mji wa Vilna, uliochapishwa na mjane na ndugu wa ukoo wa Romm kati ya 1880 na 1886, chini ya dola ya Urusi na wakaguzi wake. Kabla ya hapo, toleo la Basel la 1578 hadi 1581 lilikiacha kabisa kitabu cha Avodah Zarah, kinachohusu ibada ya sanamu. Anayetafuta matini kabla ya mikasi hiyo aende kwenye hati ya mkono ya Munich ya mwaka 1342, iliyo karibu kamili, aachane na ugomvi wa pambizo.

Mzee wa Mrima
Jambo hili si geni kwetu. Kasisi wa Kianglikana, Godfrey Dale, alipotoa Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, Waislamu hawakumpokea, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy akaja na yake kamili mwaka 1969. Watu hutazama kwanza nani ameshika kalamu. Huyo Steinsaltz wenu alilelewa katika nyumba isiyoshika dini, na nashuku hapo ndipo penye mzizi wa fitina.

Mpekuzi
Shikamoo mzee wangu. Steinsaltz alishika dini angali kijana, na lawama za 1989 ziliegemea zaidi vitabu vyake vingine, vilivyowaeleza watu wa Biblia kama binadamu wa kawaida mno. Na wewe Kalamu Nyeusi, mikasi hiyo wapiga chapa waliinoa wenyewe: Giustiniani na Bragadin waligombania soko la kitabu cha sheria cha Maimonides, msomi wa Kiyahudi wa zama za kati, huko Venice mwaka 1550, mashtaka yao yakafika Roma, na mwaka 1553 Talmudi ikachomwa hadharani huko Roma katika uwanja wa Campo de' Fiori.

Kalamu Nyeusi
Kumbe sasa moto uliwashwa na wapiga chapa! Wote wawili walikuwa Wakristo, kama Bomberg wako. Paris mwaka 1242 ilichoma shehena za mikokoteni ya nakala za mkono, karne mbili kabla ya mtambo wa Gutenberg. Hapo utamsingizia mpiga chapa gani?

Bi Mwalimu
Swali lilikuwa kuuvunja ukurasa. Tangu mwaka 2017 kazi ya Steinsaltz imekuwa ikitolewa bure katika hazina ya mtandaoni ya Sefaria, ambako Gemara imekatwa kifungu kwa kifungu na Rashi hajitokezi mpaka umbonyeze. Hakuna kulia wala kushoto, ila namba ya karatasi imebaki palepale juu. Wanaomlaumu marehemu Steinsaltz waniambie kama hilo nalo lipigwe marufuku, na Kalamu Nyeusi ajaribu kujibu bila kumtaja Bomberg.