Tarehe ya kurudisha kitabu: niihifadhi au hifadhidata ikokotoe yenyewe?

Swali

Wakuu, nina jedwali la maktaba (maazimo) kwenye hifadhidata ya PostgreSQL 16. Lina safu (column) za tarehe_azima, tarehe_mwisho, tarehe_rudi na siku_za_kuchelewa. Siku za kuchelewa husahihishwa na skripti kila usiku. Ikikwama, ripoti ya asubuhi inadanganya. Nimejaribu kuifanya siku_za_kuchelewa iwe safu ya GENERATED ALWAYS AS (inayojazwa na fomula) yenye CURRENT_DATE (tarehe ya leo) ndani, imekataliwa. Nifanyeje zijikokotoe?

Jibu la 1

Imekataliwa kwa haki. Safu ya fomula (STORED) hukokotolewa rekodi inapoingizwa au kubadilishwa, kisha jibu huandikwa kwenye diski. CURRENT_DATE inabadilika bila rekodi kuguswa, kwa hiyo kesho jibu hilo lingekuwa la uongo. MySQL, hifadhidata nyingine, nayo inakataza CURDATE() na NOW() humo.

Tarehe ya mwisho inategemea data ya rekodi peke yake, hiyo inafaa kuwa safu ya fomula (siku_za_azima ni idadi ya siku alizopewa msomaji):

`tarehe_mwisho date GENERATED ALWAYS AS (tarehe_azima + siku_za_azima) STORED`

Siku za kuchelewa zinategemea leo ni lini. Ifute safu yake, uzikokotoe kwenye VIEW (hoja iliyohifadhiwa, hukokotolewa kila inaposomwa):

`CREATE VIEW hali_ya_maazimo AS SELECT *, GREATEST(COALESCE(tarehe_rudi, CURRENT_DATE) - tarehe_mwisho, 0) AS siku_za_kuchelewa FROM maazimo;`

Usiiache COALESCE, inayochukua thamani ya kwanza isiyo NULL (tupu). Kitabu ambacho hakijarudi kina NULL kwenye tarehe_rudi, na GREATEST (huchagua thamani kubwa zaidi) ya PostgreSQL huiruka NULL: utapata 0, yaani mdaiwa sugu ataonekana hana kosa. Ukitumia CURRENT_DATE peke yake, vitabu vilivyokwisha kurudi vitaendelea kuhesabiwa kila siku.

Jibu la 2

Naongezea kwa mkazo: siku_za_azima iwe safu ya rekodi, usiandike 14 ndani ya fomula. Siku mkibadilisha kanuni iwe 21, fomula mpya itasogeza hata tarehe za vitabu vilivyoazimwa zamani. Msomaji alishaambiwa arudishe lini, na tarehe hiyo haipaswi kusogezwa nyuma ya mgongo wake.

Hakikisha pia tarehe_azima ni ya aina ya date. Ikiwa ni timestamptz (tarehe na saa zinazofuata ukanda wa saa), hata ukiijumlisha na interval (kipindi cha muda) safu itakataliwa tena, kwa sababu matokeo hutegemea ukanda wa saa.

Mkianza kuhesabu kwa miezi, angalieni mwisho wa mwezi. PostgreSQL ikijumlisha mwezi 1 kwenye 2023-01-31 inatoa tarehe 28 Februari. SQLite kwa '+1 month' inatoa 2023-03-03. Na msijumlishe mwezi juu ya matokeo ya mwezi uliopita: 31 Januari inakuwa 28 Februari, halafu 28 Machi, na ile 31 hairudi tena. Anzeni kila mara kwenye tarehe ya asili: tarehe_azima + n * interval '1 month'.

Jibu la 3

Ripoti ya waliochelewa usiichuje kwa siku_za_kuchelewa > 0, maana faharasa (index) haitatumika na jedwali zima litasomwa. Andika `WHERE tarehe_mwisho < CURRENT_DATE AND tarehe_rudi IS NULL`, na utengeneze faharasa hii:

`CREATE INDEX ON maazimo (tarehe_mwisho) WHERE tarehe_rudi IS NULL;`

CURRENT_DATE hufuata ukanda wa saa wa muunganisho. Seva ikiwa kwenye UTC nanyi mko saa 3 mbele, kuanzia saa 6 hadi saa 9 usiku itadhani bado ni jana. Weka ukanda sahihi kwa ALTER DATABASE ... SET timezone.

Mkuu, mpangilio wa kuhama ni muhimu. Kabla ya kufuta tarehe_mwisho ya zamani, ongeza siku_za_azima kisha ijaze: `UPDATE maazimo SET siku_za_azima = tarehe_mwisho - tarehe_azima;` Hapo kila aliyepewa muda wa ziada anabaki nao. Ndipo ufute safu ya zamani na kuongeza mpya. Kuongeza safu ya STORED huandika upya jedwali zima likiwa limefungwa, kwa hiyo fanya wakati hakuna anayeazima.