Naombeni ushauri: mwanangu ana usonji, tangu Januari nazungushwa na afisi. Nimuingize shule kimyakimya?

Mama Nasri, Likoni

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Nitaandika kirefu, mnivumilie. Nimechoka kuieleza habari hii nusu nusu mbele ya meza za watu.

Mwanangu wa tatu ana miaka saba na nusu. Ana usonji. Hasemi sentensi, hutamka neno moja moja, na akitaka maji hukushika mkono akakupeleka mpaka kwenye mtungi. Herufi anazijua zote, za Kiswahili na za Kiarabu. Hupanga vizibo vya soda kwa rangi kutoka mlangoni hadi jikoni, na ukikanyaga mstari wake siku hiyo nyumba haina amani. Chekechea alisoma hapa hapa kwetu, ile ya kaunti, na mwalimu wake Mwenyezi Mungu amlipe: alimuweka karibu na dirisha, na kengele ikikaribia kulia humtoa nje kwanza. PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, akaimaliza Novemba mwaka jana.

Januari nikampeleka gredi ya kwanza. Mwalimu mkuu akamtazama, akaniambia lete ripoti ya tathmini. Nikaenda kituo cha tathmini. Mara ya kwanza afisa yuko semina. Mara ya pili yupo, fomu zimekwisha. Mara ya tatu nimekuja bila mtoto, kwa hivyo haiwezekani. Mara ya nne nimekuja na mtoto, afisa hayupo. Tathmini ikafanywa Mei. Ripoti nikaipata mwisho wa Julai, imekaa chini ya mafaili mengine muda wote huo, na inasema mstari mmoja wa maana: apelekwe shule yenye kitengo maalum, yaani darasa la watoto wenye mahitaji kama yake.

Kitengo nilichoelekezwa kiko kisiwani Mombasa. Tukavuka. Honi ya feri ilipolia mtoto alijitupa chini katikati ya ule umati, ikabidi nimlalie asikanyagwe. Tulipofika nikaambiwa mwalimu ni mmoja, watoto ishirini na saba, pamejaa. Jina langu likaandikwa kwenye daftari, basi. Nikaenda kaunti, wakasema wao ni chekechea tu, niende afisi ya elimu ya wizara. Nikaenda elimu, wakasema kaunti ndiyo iliyomlea huyu, nirudi huko wamalize. Sasa ni Septemba. Mtoto yuko nyumbani. Kila nikienda afisi, mahamri na mbaazi siku hiyo sikuuza, na baba yake ni taniboi wa lori za Kampala, hayupo wiki tatu kwa mwezi.

Juma lililopita karani mmoja alinivuta kando. Hakunisemea kwa ubaya. Aliniambia, "Mama, muingize shule ya karibu, usiseme lolote. Akishasajiliwa hawamtoi." Usiku sijalala nikiliwaza hilo. Nifanye? Na huu mzigo hasa ni wa nani? Niambieni mlango ni upi, nikakae hapo.

Bint Tudor

Pole mno dadangu. Mimi ningefanya alivyosema karani. Mtoto akae nyumbani mwaka wa pili ndiyo bora? Watamzoea tu. Wangu aliyechelewa kusema nilimpeleka hivyo hivyo na leo anasoma.

Baba Hamisi, Jomvu

Dada Bint Tudor, mimi nilifanya hivyo, naomba nieleze yaliyonikuta.

Kijana wangu ana usonji kama huyo. Nilimpa sare, nikampeleka, sikusema neno. Darasa lilikuwa la watoto zaidi ya sabini. Mwalimu hakujua, akadhani ni ukaidi. Mtoto akiziba masikio anachapwa, akitoka darasani anachapwa. Wiki ya nne akatoka getini peke yake, na aliyemuona ni mwendesha bodaboda, yuko kando ya barabara kuu kule Miritini ambako malori hayapungui. Huyo kijana wa bodaboda simjui hata jina, na kila swala namuombea.

Nilipokwenda kulalamika mwalimu alilia. Alisema, "Baba Hamisi, mbona hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo mtoto akiona mkoba wa shule anajikojolea, na ni miaka miwili imepita. Mama Nasri, usimfiche.

Mwalimu wa Kitengo, Kisauni

Mama Nasri, nimefundisha kitengo maalum miaka kumi na moja. Nitakuambia ninayoyajua kwa ndani, pamoja na makosa yetu walimu.

Kwanza hilo la kumficha. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma, na mwenye mahitaji maalum huongezewa juu yake. Nyongeza hiyo hufuata usajili. Ukimficha, shule inampokea kama mtoto yeyote, hakuna pesa za vifaa na hakuna hoja ya kuomba mwalimu. Na hata mtaala unamhusu. Katika mtaala wa umilisi kuna njia ya watoto wanaokwenda kwa hatua badala ya umri: msingi, kati, maandalizi ya ufundi, kisha ufundi. Mtoto aliyefichwa hawekwi kwenye njia hiyo. Anakaa nyuma ya darasa mpaka aitwe mzito.

Pili, neno "pamejaa". Siwatetei wenzangu. Watoto ishirini na saba kwa mwalimu mmoja ni wengi kupita kiasi, na yule mwalimu hakukudanganya. Lakini "pamejaa" la mdomo halikusaidii wewe wala halimsaidii yeye. Akiliandika, na likaandikwa mara ishirini kwa wazazi ishirini, afisi inayoomba walimu kwa TSC, tume inayoajiri walimu, ina kitu cha kuonyesha. Sisi walimu tumezoea kuwaambia wazazi kwa upole kwamba nafasi hakuna, wanarudi nyumbani, na kwenye makaratasi inaonekana hakuna mtoto aliyekosa nafasi. Hilo ni kosa letu na linaniuma.

Tatu, nafasi isitafutwe kisiwani peke yake. Shule ya kawaida iliyo karibu nawe inaweza kufunguliwa kitengo. Uongozi wa shule huomba kupitia afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na usikubali kusukumwa tu penye shule maalum kwa kuwa Likoni ipo moja. Ile ni ya wasioona, kama Ziwani ilivyo ya viziwi. Usonji unataka mwalimu aliyeusomea.

Tena, ripoti yako yenye mstari mmoja ni dhaifu. Rudi uombe waandike anachoweza, kinachomtisha na anachohitaji darasani. Yale ya dirisha na kengele uliyotuandikia hapa yana faida kuliko ripoti nzima. Mwombe yule mwalimu wa chekechea akuandikie ukurasa mmoja.

Msaidizi wa Sheria, Mvita

Swali la mzigo ni wa nani lina jibu, na si la kubahatisha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti elimu ya chekechea. Shule za msingi na elimu maalum zimewekwa upande wa serikali ya kitaifa. Mwanao ametoka PP2, kwa hivyo mlango wako ni afisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Wengi wanapotezwa na hilo neno "kaunti". Mkurugenzi huyo ni wa wizara, bosi wake si gavana. Hata Bodi ya Elimu ya Kaunti imeundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, si idara ya gavana. Aliyekwambia urudi kaunti alikosea.

Kaunti nayo haijasalimika. Kumbukumbu za miaka miwili ya chekechea ni zao, na ukiziomba wakupe.

Sheria hiyo ya 2013, kifungu cha 34, inakataza shule kumbagua mtoto katika kumsajili, na ulemavu umetajwa kwa jina. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu za kumuumiza mwanafunzi, Baba Hamisi, na pole sana. Katiba ibara ya 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika penye elimu. Na ya 47, ambayo wazazi hawaitumii, inasema uamuzi wa afisi ya umma uwe wa haraka na wa haki, na ukikuumiza uandikiwe sababu.

Andika barua. Usipambe. Mfano huu hapa:

"Mimi ni mzazi wa mtoto wa miaka saba na nusu mwenye usonji. Alimaliza PP2 Novemba. Nimefika kituo cha tathmini mara tano kati ya Januari na Julai, tarehe zimeambatishwa. Ripoti inapendekeza kitengo maalum. Nilichoelekezwa nimeambiwa kimejaa. Naomba afisi yako initajie kwa maandishi shule atakayosoma na tarehe ya kuanza, au sababu za kutopewa. Pia, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba kujua idadi ya vitengo maalum katika kaunti ndogo ya Likoni, walimu waliomo, na watoto waliofanyiwa tathmini wasiokuwa na nafasi."

Nakala mbili. Moja wanapokea, ya pili wanapiga muhuri wenye tarehe unarudi nayo. Ombi la habari lina siku 21 kisheria. Zikipita kimya, nenda kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki za Utawala. Wana huduma hapa Mombasa na malalamiko hayalipiwi.

Mtoto wa Bondeni

Kwa heshima zote, mwanasheria, barua ya mama mmoja huwekwa kwenye droo. Nimeona nyingi zikiingia humo. Waende wengi.

Mswahili wa Leicester

Nimezaliwa Kuze, niko Uingereza mwaka wa kumi na nne, na binti yangu ana usonji. Msidhani huku ni peponi. Uingereza hii shughuli iko kwa baraza la mji. Sheria ya 2014 imewapa wiki 6 kuamua kama watamfanyia mtoto tathmini, na wiki 20 kwa jumla kumaliza mpango wake wa msaada. Mwaka 2023 karibu nusu ya mipango ilipita muda huo. Wangu ulichukua wiki 41, na nililia kama unavyolia wewe.

Tofauti niliyoiona ni saa. Hapa muda umeandikwa, kwa hivyo wiki ya 21 nilikuwa na la kushika, na ukikataliwa kuna mahakama maalum ya kukata rufaa. Huko kwetu sijaona mzazi akipewa tarehe. Ndiyo maana hizo siku 21 alizotaja ndugu wa Mvita ningezishika kwa meno. Anza daftari leo: tarehe, afisi, uliyezungumza naye, alilosema. Mimi daftari ndilo lililonisaidia, wakili sikuwa naye.

Bint Tudor

Baba Hamisi nimesoma yako mara mbili. Nafuta ushauri wangu. Mama Nasri, usimfiche.

Mama Nasri, Likoni

Nimewasoma nyote, na Baba Hamisi umeniliza. Simfichi. Mwalimu, sikujua kama kitengo kinaweza kufunguliwa huku huku. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mtoto wa Bondeni, wengi nitawapata wapi? Huku watu wanawaweka watoto ndani. Mama mkwe wangu mwenyewe asema ni jini, nisimtoetoe.

Mwalimu wa Kitengo, Kisauni

Muulize yule mwalimu wa chekechea. Waliopita mikononi mwake anawajua. Kisha wauguzi wa kliniki ya watoto, kisha maalim wa madrasa. Usiwaulize majirani "nani ana mtoto mlemavu?" Uliza "nani ana mtoto ambaye shule haijampokea?" Milango itafunguka zaidi.

Mama Nasri, Likoni

Narudi baada ya wiki tatu na nusu.

Barua niliipeleka. Wa mapokezi alitaka kuipokea bila muhuri, nikakaa pale kwenye benchi mpaka saa nane mchana, akapiga. Mwalimu wa chekechea aliniandikia kurasa mbili kwa mkono na akanitajia wazazi wanne. Mmoja akanipeleka kwa mwingine. Tumefika kumi na mmoja, wote Likoni, kuanzia Mtongwe hadi Shelly Beach. Msichana mmoja ana miaka kumi na mbili na hajaingia darasa lolote maishani mwake. Mama yake alinipokea mlangoni, kunikaribisha ndani ilikuwa mara ya tatu nilipokwenda.

Siku ya kumi na tisa simu ikapigwa. Afisi imekiri kwa maandishi kwamba Nasri hana nafasi, karatasi ninayo. Idadi ya vitengo wametupa, idadi ya watoto wasio na nafasi wamesema "haijakusanywa". Mwalimu mkuu wa shule ya karibu, yule yule wa Januari, amekubali kutupa darasa tupu lililokuwa stoo ikiwa afisi itaomba mwalimu. Ombi la kitengo limetiwa saini Jumatano. Mwalimu mwenyewe bado, na nafasi ya Nasri bado.

Hiyo ya "haijakusanywa" tunaipeleka kwa Ombudsman Jumatatu, sote kumi na mmoja. Msaidizi wa Sheria, uliandika malalamiko hayalipiwi. Je, twende na barua moja yenye majina yote, au kila mzazi na yake? Na yule mama wa msichana hajui kuandika. Dole gumba lake litakubaliwa?

Msaidizi wa Sheria, Mvita

Barua moja, majina yote, na kila mzazi aambatishe ukurasa wa mtoto wake. Dole gumba linatosha, mmoja wenu ashuhudie na aandike jina lake chini. Nitakuwa hapo Jumatatu saa tatu asubuhi. Mkishuka feri nipigieni, nitawasubiri upande wa kisiwani.