Naombeni ushauri: nataka kuomba PhD ya saikolojia, barua ya maelezo inanishinda

Asubuhi Njema:
Habari zenu wakuu. Nina uzamili wa saikolojia, nilimaliza miaka miwili iliyopita. Sasa nataka PhD ya saikolojia ya kliniki, Marekani au Uingereza, popote penye ufadhili maana mfukoni sina kitu. Ndoto yangu ni kukaa na wagonjwa, niwasikilize na kuwatibu. Tasnifu yangu ilihusu usingizi na uchovu wa kazi kwa wauguzi wa zamu ya usiku, ila dhana yangu haikuthibitika, kwa hiyo kwenye barua nimeigusa juu juu tu. Nimeandika zaidi msongo wa mawazo ulionipata baada ya kufiwa na baba, kwani hapo ndipo nilipoipenda fani hii. Nina orodha ya vyuo 14. Barua moja itatosha kwa vyote?

Bi Takwimu:
Pole kwa msiba, mdogo wangu. Kabla ya barua, tuanze na hilo la kukaa na wagonjwa. PhD ni kazi ya utafiti. Hata ile ya kliniki ya Marekani imejengwa juu ya mfumo uliokubaliwa kwenye mkutano wa Boulder mwaka 1949: mtafiti na mtabibu ndani ya mtu mmoja. Tiba utafundishwa, lakini wanaochagua wanatafuta mtafiti. Na jiandae kwa miaka mitano hadi saba, ukijumlisha mwaka mzima wa mafunzo kazini.

Ipo PsyD, yaani udaktari wa saikolojia wa kitaaluma, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1968, hiyo inaegemea tiba. Tatizo nyingi mwanafunzi anajilipia, nawe umeshatuambia hali ya mfuko. Uingereza ndiyo usichanganye kabisa: PhD ya saikolojia peke yake haikupi ruhusa ya kutibu kama mwanasaikolojia wa kliniki. Wanaotibu hupitia DClinPsy, yaani udaktari wa saikolojia ya kliniki, miaka mitatu.

Na kama kiu yako ni kusikiliza watu tu, nchi nyingi uzamili wa ushauri nasaha na leseni vinakufikisha. Jiulize kwa ukweli.

Mzee wa Maktaba:
Vyuo 14, barua moja! Mkuu, kwenye PhD huombi chuo, unaomba mtu. Programu nyingi za kliniki Marekani unapokelewa na msimamizi mmoja, uingie kwenye maabara yake. Mimi mara ya kwanza nilimwandikia profesa maelezo matamu kweli kweli, kumbe anastaafu. Ada ya maombi ikaenda, hata kwenye usahili sikuitwa.

Mwaka uliofuata nikatuma barua pepe ya mistari sita: mimi ni nani, nimefanya nini, makala yako hii imeniachia swali hili, je, unapokea mwanafunzi mwaka huu? Watatu hawakujibu, mmoja akasema hapana, mmoja akasema omba. Huyo ndiye aliyenichukua. Andika Septemba au Oktoba, maana kliniki nyingi hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba. Na asiyejibu usimwandame.

Chungu Tamu:
Nitasema lisilopendeza: hiyo habari ya msongo wa mawazo itoe. Mwaka 2006 Appleby na Appleby waliwauliza wenyeviti wa kamati za udahili wa saikolojia ni mambo gani huua maombi. Kujianika kupita kiasi kuhusu afya ya akili ya mwombaji kulikuwa miongoni mwake.

Asubuhi Njema:
Lakini hii si saikolojia jamani? Wao wenyewe wasipoelewa, nani ataelewa?

Chungu Tamu:
Hata mimi inaniudhi, dada. Lakini msomaji ana rundo la mafaili mezani na swali moja kichwani: huyu ataweza utafiti? Kurasa mbili za kilio hazimjibu. Sentensi moja inatosha.

Kimya Kingi:
Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu. Usimuulize mwalimu "utaniandikia?" Muulize "unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzito?" Akianza kusitasita, mshukuru utafute mwingine, barua vuguvugu ni sumu. GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, vyuo vingi vimeacha kuidai, kagua kimoja kimoja.

Bi Takwimu:
Narudi kwenye tasnifu maana naona mnaipita. Unaficha lulu! Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, 97 kwa kila 100 zilikuwa na matokeo ya maana kitakwimu, yaani si rahisi kusema ni bahati tu. Ziliporudiwa, zikabaki kama 36. Tangu hapo fani nzima inajadili namna ya kuripoti yasiyothibitika, wewe unayo mkononi na unayafunika. Eleza ulitarajia nini, ukakuta nini, ukajifunza kuuliza nini. Hapo ndipo mtafiti anapoonekana.

Asubuhi Njema:
Asanteni sana. Nimekesha. Vyuo vimebaki saba, vyote vina mtu anayeshughulika na usingizi au uchovu wa kazi, na nimegundua kumbe maswali haya nayapenda kuliko nilivyodhani. Mwanzo mpya ni huu:

"Nilikusanya madodoso ya wauguzi 63 nikiamini kwamba usingizi mfupi ndio unaowachosha na kazi. Takwimu zilinikatalia. Ambacho sikupima ni kama walizijua zamu zao mapema, na swali hilo ndilo ninalotaka sana kulifuata."

Baba amebaki na sentensi moja, karibu na mwisho.

Bi Takwimu:
Futa "sana". Baba abaki hapo hapo.