MREJESHO: Laptopu ya zamani iliyokataa Windows 11

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu laptopu yangu ya mwaka 2012, RAM GB 4, iliyokataa Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulishakoma Oktoba 14, 2025. Asanteni sana.

Mliosema nisilazimishe kuweka Windows 11 mlikuwa sahihi: haina TPM 2.0 (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai) na prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft ya zinazokubaliwa. Nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Kwanza nilihamishia mafaili yote kwenye diski ya nje, maana hesabu za korosho za mzee kule Newala zimo humo.

Flashi yenye Linux Mint iligoma kuwaka mpaka nilipoipandisha juu kwenye mpangilio wa kuwasha wa BIOS (programu ya laptopu inayoanza kabla ya mfumo wenyewe). Kisha waifai haikuonekana kabisa! Ndugu aliyesema niunganishe simu kwa waya wa USB, Mungu akubariki. Nilitumia intaneti ya simu, nikafungua sehemu ya draiva (programu zinazoendesha vifaa), ikaipata ya waifai na kuisakinisha.

Kilichoshindikana ni printa: inachapa, lakini haiskani. Nakwenda steshenari hapa Mtwara mjini. SSD (diski ya kasi zaidi) mliyoshauri bado sijanunua, nasubiri malipo ya msimu.