Abatizwe, halafu anyimwe Komunyo?

Mtoa mada: Wakuu, Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, kwenye kitabu chake Summa, sehemu ya 3, anasema aliyezaliwa bila akili timamu abatizwe kama mtoto mchanga, kwa imani ya Kanisa. Ila Ekaristi, yaani Komunyo, asipewe kama hajawahi kuwa na akili hata siku moja. Mtu unamkaribisha ndani kisha unamnyima chakula? Haki iko wapi hapo?

Katekista: Malizia kusoma, mkuu. Aliyeugua baadaye, na zamani alikuwa na ibada, hanyimwi saa ya kufa, labda ihofiwe atatapika au kutema. Huko ni kuuheshimu Mwili wa Bwana. Tena kichaa ni kama mtoto, hana dhambi. Anapungukiwa nini?

Mama Wawili: Kichaa ni kama mtoto?? Kaka yangu ana miaka 41, ni seremala, anaumwa akili. Akitulia anasali rozari nzima. Siku moja akiwa mzima kabisa alipitwa bila kupewa kwenye foleni ya Komunyo mbele ya watu wote. Usimwite mtoto.

Katekista: Pole dada. Nilimnukuu Thoma tu, sikumtukana kaka yako.

Bwana Sheria: Hukumnukuu sawasawa. Thoma anawatenga wenye vipindi vya utulivu: hao wabatizwe wakiwa timamu, wakitaka wenyewe. Kaka wa dada yumo humo. Na Papa Inosenti III, 1201, aliandika kwamba mtu aliyekuwa akiukataa ubatizo kabla hajarukwa na akili, akibatizwa katika hali hiyo hapati alama ya sakramenti, ile ya kudumu rohoni. Hiari yake ya wakati akiwa timamu inalindwa.

Kijana wa Kwaya: Mbona rafiki wa Mtakatifu Augustino alibatizwa homa imempoteza fahamu? Jamaa alipozinduka, Augustino akamtania kuhusu ubatizo huo, jamaa akamkemea vikali.

Bwana Sheria: Homa si wazimu, kijana.

Mama Wawili: Wazimu tena! Semeni ugonjwa wa akili. Kule Geel, Ubelgiji, tangu zama za kati wagonjwa waliokwenda kuhiji kwa Mtakatifu Dymphna, msimamizi wa wagonjwa wa akili, walikaa majumbani mwa wenyeji. Nani aliwauliza cheti cha akili?

Mtoa mada: Jamani, swali langu la Ekaristi...

Katekista: Subiri, mkuu. Dada, neno lile nimelifuta, nisamehe. Kaka anapokea Komunyo siku hizi?

Mama Wawili: Anapokea, parokia nyingine. Anapanda daladala mbili kila Jumapili.