Nasomesha wanangu nyumbani, majirani wanataka niwachukue na wao

Mama wa Likoni

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Nasomesha wanangu wawili hapa nyumbani Likoni, Mombasa. Tulianza shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa Januari 2021 mkubwa wangu hakurudi, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu (sickle cell). Maumivu yakimshika alikuwa akikosa wiki nzima, na akirudi darasa lishamwacha mbali. Hapa akiamka na nguvu tunasoma, akiumwa tunapumzika na somo linamngoja. Mdogo akataka kubaki na kakake.

Sasa majirani wameona anavyosoma, wananiomba niwachukue watoto wao, Gredi ya 4 na ya 5. Nilimkalisha mmoja barazani nikamwandikia 61 toa 24. Akamaliza upesi, sawasawa kabisa. Nikamfungulia kitabu, hesabu ni ileile ila imeandikwa kwa maneno ya Kiingereza: mama ana maembe 61, ameuza 24. Akanitazama tu. Nilipomsomea kwa Kiswahili alijibu kabla sijafika mwisho. Na huyu ripoti yake inasema hajui hesabu! Imeniuma, wallahi. Mpaka Gredi ya 3 alikuwa akielezwa kwa lugha anayoijua, Gredi ya 4 masomo yakageuka Kiingereza.

Nataka kuwasaidia, lakini mimi si mwalimu wa cheti, nilisomea uhasibu. Je, sheria inaniruhusu? Nitoze ngapi? Na muda niupate wapi, maana wakitoka shule wanakwenda madrasa. Mama mmoja ameshaniambia wazi kuwa anachotaka ni nimmalizie mwanawe homuwaki.

Mwalimu Mstaafu, Kwale

Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na sheria nisije nikasahau. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza tuisheni ya likizo: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shule zikifunga, nawe funga. Usijiite shule wala usitundike kibao, na nenda kwa chifu umweleze unachofanya kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Mwalimu wa shule lazima asajiliwe na TSC, tume ya walimu, kwa hiyo wazazi waelewe kwamba wewe ni msaada tu na shule iko palepale.

Kuhusu mkubwa wako, hili linanitia wasiwasi kuliko la majirani. KPSEA, ile tathmini ya taifa ya Gredi ya 6, watoto husajiliwa kupitia shule, na asilimia 60 ya matokeo hutokana na tathmini zinazofanywa shuleni tangu Gredi ya 4. Tafuta mwalimu mkuu mwenye huruma, mpelekee barua ya daktari, jina la mtoto liwe kwenye daftari lao.

Sasa huyo wa maembe. Wapo wengi sana, nimewafundisha maisha yangu yote ya kazi. Penseli iwekwe chini kwanza. Msomee swali, akusimulie kwa Kiswahili chake nani ana nini na nini kimetokea. Achore. Kisha akusimulie tena kwa Kiingereza, hata kama kimevunjika, usimkatize. Namba zije mwisho. Utaona maneno yanayomkwamisha si mengi, ni yaleyale ya kubaki, ya kugawana, ya jumla, ya kuzidi. Akiyashika hayo, vitabu vyote vinafunguka.

Homuwaki usimmalizie. Alipokwama pawe wazi daftarini, mwalimu wake apaone.

Fundi wa Mtongwe

Dada, huku kwetu tunalipa shilingi 50 kwa kipindi. Usifanye bure. Mzazi asiyelipa chochote leo atamleta mtoto, kesho atamtuma dukani. Asiye na uwezo zungumza naye kando, alete hata daftari. Jambo jingine: someshea palepale barazani, mlango wazi, watu wakipita wanaona. Na kila mtoto achukuliwe na mtu wa kwao. Mtoto wa mtu ni amana.

Bi Kisauni

Mimi nasema hapana, nisameheni. Mtoto anaamka alfajiri, shule, halafu madrasa, halafu tena tuisheni? Anacheza saa ngapi? Wangu alikuwa akisinzia juu ya kitabu huku mimi nalipia. Nilimtoa, na hakuharibikiwa.

Mama wa Likoni

Shikamoo mwalimu, na ahsanteni nyote. Bi Kisauni, umesema kweli, na siku za wiki nimeziacha. Nitawachukua Jumamosi na Jumapili, baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri, madrasa ya asubuhi wameshamaliza na kiza hakijaingia. Wanne tu. Wakizidi hapo sitamsikia kila mmoja akisoma, na mimi nataka kumsikia kila mmoja. Yule mama wa homuwaki nimemwambia sitamwandikia mwanawe hata mstari. Amenuna, lakini atamleta.

Fundi, 50 nimeikubali. Barua ya daktari ninayo, nitaipeleka Jumatatu.

Mwalimu, nikwambie na hili. Mkubwa wangu aliposikia wenzake watakuja, aliuliza kama anaweza kuwasomea yeye yale maswali. Mwaka huu wote rafiki yake mkubwa amekuwa mimi. Nimwache asome yeye, au watoto watamwona anajifanya mwalimu?

Mwalimu Mstaafu, Kwale

Marahaba. Mwache asome. Na wao wamsomee yeye, kwa zamu, ili asiwe juu ya wengine. Siku akiumwa, mmoja wao achukue zamu yake na somo liendelee, na mwenyewe alale karibu awasikie akitaka.