Grapple maana yake nini hasa?

Msomaji: Wadau, kwenye mieleka wanasema grapple, gazetini nako eti serikali inagrapple na madeni, ni neno moja kweli?

Mdau wa Lugha: Moja mkuu. Asili yake Kifaransa cha zamani, grapil, yani ndoano ya chuma, mabaharia walikuwa wanairusha kunasa meli ya adui wanaivuta mpaka zigusane ndo wanarukia kupigana, karne ya 16 likawa kitenzi cha kukabana, na kuhangaika na jambo gumu kukafuata. Napenda sana hii historia!

Binti Pwani: Hata grape, zabibu, ni ukoo huohuo, huenda kwa sababu vichala vilivunwa kwa ndoano.

Msomaji: Na wrestle, yani kupigana mieleka?

Mdau wa Lugha: Hilo Kiingereza cha kale kabisa, linatokana na kusokota, na ile w zamani ilitamkwa.